Miaka Kumi na Miwili ya Kinanda

Siku zile santuri ilikuwa na pande mbili na mtu alilazimika kuinuka kitini ili aigeuze. Siku hizi muziki hauna upande wowote, na wanaousikiliza hawainuki kwa ajili ya chochote.

Naandika habari za Zedekiah Odhiambo kwa sababu sijaona mwingine wa kuziandika. Waliopiga muziki naye ama wamekufa ama wameokoka, na waliookoka wanaona haya kutaja mabendi. Gazeti moja lilimwandika mara moja, mistari minne, na katika mistari hiyo minne likakosea mahali alipozaliwa na chombo alichopiga. Lilisema alipiga gitaa. Odhiambo hakuwahi kushika gitaa maishani mwake isipokuwa kuliondoa njiani apate kupita.

Mimi nilikuwa fundi wa redio pale Dagoretti Corner, Nairobi, nyuma ya duka la nafaka. Mambo ya umeme nilijifunza kwenye vitabu vilivyochakaa nilivyonunua kwa uzani, kama viazi. Odhiambo alinijia mwaka 1966 na mkokoteni, na juu ya mkokoteni kulikuwa na kinanda cha umeme kilichofunikwa kwa shuka. Mlevi alikuwa amekimwagia bia. Ukumbini walikuwa watu mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na akili ya kuchomoa waya ukutani kabla kinanda hakijaanza kutoa moshi. Nilikifungua, nikakisafisha kitufe kwa kitufe kwa spiriti, nikachomelea nyaya saba upya. Siku mbili za kazi hiyo Odhiambo alikaa juu ya kreti mlangoni pangu. Chakula alikisahau, kama mtu mwenye mgonjwa chumba cha ndani.

Alikuwa mpishi kule Lavington, kwa familia ya Waingereza waliobaki baada ya Uhuru, na alilala Kawangware na mke wake Peres na binti yao Selpher. Kinanda alijifunza kwao Gem, kanisani, ambako baba yake alikuwa katekista na ndiye aliyepiga kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Miaka sita kazi ya Odhiambo ilikuwa kumfungulia baba kurasa za nyimbo. Mwaka wa saba ndipo aliporuhusiwa kuweka kidole. Mwambie kijana wa leo afungue kurasa miaka sita, atakupeleka polisi.

Kuna jambo moja lazima nilieleze, maana wakati ule kila mtu alilijua na sasa hakuna anayelijua. Nyimbo zetu zilikuwa ndefu, dakika sita au saba, lakini santuri ndogo haikubeba zaidi ya dakika tatu na nusu kila upande. Basi wimbo ulikatwa katikati kama mkate. Upande mmoja uliandikwa sehemu ya kwanza, na hapo mwimbaji alisema yote aliyokuwa nayo: mapenzi, kifo cha shemeji, sifa za tajiri aliyemnunulia viatu. Ukiigeuza ulipata sehemu ya pili. Hapo mwimbaji alinyamaza na vyombo vikaachiwa nafasi. Katika sehemu ya kwanza Odhiambo aliweka vidole vitatu vinne chini ya sauti ya mwimbaji, kama mtu anayeshikilia ngazi ili mwenzake apande. Katika sehemu ya pili alipanda yeye.

Alipitia bendi tatu tangu 1964. Ya kwanza ilijiita kwa jina la nyota, ya pili kwa jina la ndege, ya tatu ilijiita kwa jina la dansi lililokuwa limeshapitwa na wakati kabla hawajamaliza kulichora kwenye ngoma. Walipiga Jumapili alasiri katika kumbi za mjini, watu wakiwa wamevaa suti na tai. Mwimbaji wa bendi hizo mbili za mwisho alikuwa Joash, mtu wa Maragoli, mwenye meno mazuri na sauti nzuri, basi, hakuna zaidi. Joash hakujua jina la mtaa aliokaa mpiga kinanda wake. Alimwita "mzee wa mbao," naye Odhiambo, ambaye angeweza kumfundisha muziki wa miaka kumi, alicheka kila mara kama aliyesikia mzaha mpya.

Sasa nije kwenye lile lililomfanya Odhiambo kuwa Odhiambo. Mwajiri wake kule Lavington alikuwa na kijana wa kiume mwenye nywele za kufika mabegani, aliyekuja likizo kutoka Uingereza na santuri kubwa ambazo wimbo mmoja ulijaza upande mzima. Kinanda kilianza, kikanyamaza, kikarudi kikiwa kimekasirika, gitaa likalia, kinanda kikashinda. Odhiambo alizisikia akiwa jikoni akikaanga vitunguu. Mimi nami alinisikilizisha moja. Nikaona ni kelele za watu waliosoma sana na wasio na la kufanya, na mpaka leo sijabadili. Lakini yeye alichukua kitu kimoja tu humo, na ndicho kilichokuwa na maana: kwamba wimbo unaweza kuwa mrefu kama safari, na msikilizaji akavumilia.

Nani Nairobi angemrekodia wimbo wa nusu saa? Hakuna. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo nikilifikiria leo bado navua kofia. Mwaka 1970 alipiga sehemu ya pili ya wimbo mmoja wa Joash, wimbo wa kipuuzi juu ya mwanamke wa Kisumu, akauacha mwisho wake ukining'inia, bila kuufunga. Mwaka uliofuata, kwenye sehemu ya pili ya wimbo mwingine kabisa, alianzia palepale alipoachia. Joash aliimba juu ya pombe, kisha akaimba juu ya mazishi, na nyuma ya kila santuri Odhiambo aliendelea na safari yake ile ile. Alifanya hivyo mara sita kwa miaka sita. Vipande sita, na ukiviunganisha unapata wimbo mmoja wa dakika ishirini na moja. Bendi hawakugundua. Walidhani kinanda kinapenda sauti hizo tu. Walioijua siri hiyo walikuwa watatu: yeye, Peres, na mimi.

"Siku moja nitaviunganisha, fundi," aliniambia. "Vikisikika pamoja mara moja tu, nitarudi nyumbani nikalime."

Hilo ndilo alilotaka maishani. Hakutaka gari wala jina.

Basi akaja Muchiri. Muchiri na mimi tulikulia pamoja Dagoretti. Baba yake alinunua ngozi kule machinjioni na kuzianika juani, na mwana aliuza muziki kwa akili ile ile: kitu ni kizuri kikiwa kimekauka na kimelala bapa. Alikuwa na duka na studio River Road, chumba kilichobandikwa makatoni ya mayai ukutani, na kila santuri ya bendi hizo tatu ilikuwa imepita mikononi mwake. Mwishoni mwa 1976 Joash aligombana naye, akahamia Dar es Salaam na kuanza kurekodi na watu wa huko. Muchiri akabaki na nyimbo bila uso wa kuziuzia. Akatafuta ni nani aliyekuwamo katika zote, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na ambaye angali Nairobi. Akampata mmoja.

Alimwita Odhiambo akamwambia atatoa santuri kubwa ya nyimbo zake zilizochaguliwa za miaka yote, kumi na mbili, na jina lake juu. Walimpiga picha akiwa nyuma ya kinanda, kwenye suruali ya miguu mipana aliyoazimwa na mpiga picha, mikono imeinuliwa kama anayebariki ng'ombe. Juu ya picha yaliandikwa maneno haya: Zedekiah Odhiambo, Miaka Kumi na Miwili ya Kinanda. Odhiambo aliniletea jalada hilo kabla ya santuri yenyewe. Alilibeba ndani ya gazeti, na ndani ya gazeti kulikuwa na taulo.

Alikuwa ameomba jambo moja tu, kwamba nyimbo zile sita za mwisho zifuatane kwa mpangilio wa miaka. Muchiri alikubali bila kuuliza sababu. Ningepaswa kujua hapo hapo. Muchiri hakubali kitu asichokiuliza isipokuwa kama hakukisikia.

Santuri ya majaribio ilitoka kiwandani mwezi wa Februari 1977. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na gramafoni ya maana na spika nilizozitengeneza mwenyewe, Odhiambo alikuja kuisikilizia kwangu Jumamosi mchana. Peres alivaa gauni lake la kanisani. Niliwapa viti, nikafunga mlango kwa sababu ya vumbi la barabara, nikashusha sindano.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Mwimbaji wa bendi ya kwanza akaimba beti zake, na pale sauti iliponyamaza, wimbo ukaisha. Wa pili ukawa hivyo hivyo. Kufika wa nne Odhiambo alikuwa ameacha kuitazama gramafoni, anatazama viatu vyake. Nikageuza santuri. Joash akaimba juu ya mwanamke wa Kisumu, akamaliza, kukawa kimya, kisha Joash huyo huyo akaanza juu ya pombe.

Peres alisubiri mpaka ikaisha yote. Halafu akauliza kwa upole kabisa, "Baba Selpher, wewe uko wapi humu?"

Nilichukua jalada nikaliangalia, ile mikono imeinuliwa na yale maneno makubwa ya miaka kumi na miwili ya kinanda. Muchiri alikuwa amechukua sehemu za kwanza tu. Nyimbo kumi na mbili, nusu kumi na mbili, na kila nusu ni ile ambayo mwenye jalada alikuwa ameshikilia ngazi. Nimeona ujinga mwingi mjini, nimeona daraja likijengwa mahali pasipo na mto, lakini sijaona mtu mwingine akitengeneza kumbukumbu ya mpiga kinanda na kukitoa kinanda.

Jumatatu tulikwenda naye River Road. Nilikwenda kwa sababu Odhiambo alikuwa na adabu za katekista na nilijua Muchiri angemzungusha. Tulimkuta Muchiri anakula, kitambaa kifuani, ukutani kukiwa na kalenda ya kampuni ya matairi. Odhiambo alieleza kwa dakika kumi, akianza na shukrani. Alieleza mpaka siri yake ya vile vipande sita, jambo ambalo lilinichoma, kwa sababu alimweleza mtu aliyekuwa anatafuna.

Muchiri alifuta mdomo. "Odhiambo, ndugu yangu, watu wananunua maneno. Kinanda watakiona kwa picha."

"Picha haipigi," nikamwambia.

"Na wewe fundi hununui," akasema. "Mimi nimeuza hii kitu miaka kumi na tano. Nani amewahi kuingia hapa akaniambia, nipe sehemu ya pili?"

Odhiambo akamwomba kanda za sehemu za pili ili aone la kufanya. Hapo Muchiri akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa na hajali. Kanda za sehemu za pili hazikuwako. Alikuwa amerekodi kwaya juu yake, moja baada ya nyingine, kwa sababu kanda haziokotwi barabarani na kwaya za kwetu zimejaa, kila kanisa linataka yake. Ile safari ya miaka sita ilikuwa imelala chini ya wamama wa Kikuyu wanaomsifu Mungu.

Sijui ni nini kilimlainisha Muchiri baada ya hapo. Labda ni uso wa Odhiambo, labda ni chakula. Alisema, haya, nitakupa upande wa nyuma wa santuri. Mbele maneno, nyuma kinanda. Mniletee vile vipande sita, safi, visivyokwaruza, kabla ya Jumatatu ijayo, la sivyo kiwanda kinaendelea na ilivyo. Sasa niacheni nimalize kula.

Nje, barabarani, Odhiambo alinishika mkono kama mtu aliyepewa mtoto. Mimi sikufurahi. Kama kanda zimefutwa, njia moja tu ilibaki: kunakili kutoka kwenye santuri ndogo zenyewe. Ningeweza kufanya hivyo, nilikuwa na mashine ya kanda, na kuunganisha vipande kwa wembe na gundi ni kazi ninayoijua. Lakini santuri zenyewe zingetoka wapi? Zake alikuwa amewagawia watu wa kwao kila alipokwenda likizo, na mbili zilizobaki zilijikunja juani dirishani. Madukani hazikuwako tena. Zilizobaki zilikuwa kwenye mabaa, na santuri ya baa naijua. Ni ya kijivu. Imelimwa na sindano mpaka haina ngozi.

Nilimwambia asijipe matumaini. Akasema twende tuone.

Kesho yake tulikwenda kwa Nyakio, mjane aliyekuwa na baa hapo hapo Dagoretti Corner, upande wa pili wa Ngong Road. Alikuwa na lile sanduku kubwa la muziki, la kutumbukiza sarafu na kubonyeza kitufe. Vijana wa machinjioni walipenda kunywa hapo na watu waliotoka magharibi mwa nchi pia, na nyimbo za Joash zilipigwa kutwa nzima. Tulifika saa nne asubuhi, baa ikiwa tupu, viti juu ya meza. Odhiambo alimwamkia, akamwomba radhi kwa kumsumbua, akamweleza kwamba tunatafuta santuri sita za kuazima siku chache.

"Wewe si ndiye wa kinanda?" Nyakio akamwuliza. "Chukueni, baba. Zimenichosha." Akatoa ufunguo kiunoni akalifungua sanduku.

Tulizipata zote sita. Nilichukua ya kwanza nikaisogeza dirishani. Sehemu ya kwanza ilikuwa kama nilivyosema: kijivu, imekwaruzwa, karatasi ya katikati imefutika mpaka jina la Joash halisomeki. Nikaigeuza. Sehemu ya pili ilikuwa nyeusi, inang'aa. Niliona uso wangu ndani yake na dirisha nyuma yangu. Nikachukua ya pili, ya tatu, zote sita. Upande mmoja majivu, upande mwingine kioo.

Mimi ni fundi. Nilichokiona ni santuri sita safi kuliko nilivyothubutu kuomba, na nilisema hivyo kwa sauti. Nikamwambia Odhiambo tumepata, zimepona zote, hata dukani huwezi kupata namna hii.

Nyakio alikuwa anashusha viti. "Hiyo upande ingine haiharibiki," akasema. "Hakuna mtu anabonyeza. Ona hata hizo vitufe zake bado ziko na rangi." Ilikuwa kweli. Safu moja ya vitufe ilikuwa imelika mpaka chuma, na safu ya pembeni yake ilikuwa nyekundu kama siku ya kwanza. "Kuna siku moja mtu alibonyeza hiyo bahati mbaya. Wateja wakaniambia, mama, mashine imekufa, huyo mwimbaji ameenda wapi."

Alisema bila ubaya wowote. Alidhani anatusaidia.

Odhiambo aliichukua santuri moja mikononi mwangu taratibu, akaielekeza kwenye mwanga, akaigeuza, akairudisha. Alifanya hivyo kwa zote sita, kila moja pande zote mbili. Halafu akamshukuru Nyakio, tukaondoka.

Njiani nilizungumza peke yangu. Nilimweleza kazi nitakavyoifanya. Sindano niliyokuwa nayo ilikuwa imefanya kazi mwaka mzima, na sindano iliyochakaa hulima santuri kama jembe; sikuwa tayari kushusha chuma kibovu kwenye kitu safi kama kile. Ningeagiza sindano mpya mjini, ije Alhamisi, Ijumaa ninakili, Jumamosi niunganishe. Zamani kazi ilifanywa hivyo. Hukufanya leo kwa ubaya jambo ambalo ungeweza kulifanya kesho kwa uzuri. Odhiambo aliitikia kila neno. Alipofika kwenye njia ya Kawangware aliniaga akaenda.

Alhamisi asubuhi alirudi na Peres. Sindano ilikuwa mezani, bado ndani ya kiboksi chake. Odhiambo hakuketi.

"Fundi, nipe nizirudishe kwa yule mama."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia kazi inaanza kesho.

"Hakuna kazi. Nimepita kwa Muchiri jana. Nimemwambia aendelee na ilivyo."

Nilimwuliza kama ana homa. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe, ya kusikika mara moja tu na kurudi kulima. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hizi santuri ni mpya," akasema. "Umeziona. Ya kwanza ina miaka saba na ni mpya. Mimi nilikuwa naacha wimbo ukining'inia mwaka mzima, fundi, nikifikiri kuna watu wanangoja."

"Walevi," nikamwambia. "Unapimwa na walevi wa Dagoretti Corner?"

"Hata wewe unasema zimepona kwa sababu hazikuguswa. Sasa nikuulize, niwawekee ya nini?"

Peres alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake. "Baba Selpher, mimi nilisikia. Zote."

"Wewe ulikuwa jikoni."

"Na wewe kule kwa wazungu ulikuwa wapi?" Peres akasema. "Si ulikuwa jikoni?"

Huo ulikuwa ukweli, na mume wake aliujua, kwa maana aligeuza uso. Kwa kitambo kidogo nilifikiri mwanamke yule ameshinda. Ningenyamaza labda angeshinda. Lakini mimi nilikuwa na hasira, nikamwambia Odhiambo kwamba mtu anayeacha kazi ya miaka sita kwa sababu ya safu moja ya vitufe hakuwa na kazi tangu mwanzo, alikuwa anataka makofi kama Joash, ila hakuwa na meno ya Joash. Maneno hayo nilimwambia mbele ya mke wake. Sikuyafuta wakati ule na siyafuti sasa, kwa sababu ndivyo nilivyoona. Nilimdharau. Nilikuwa nimemweka juu ya watu wote wa fani ile, kumbe alikuwa kama wao, ila mwenye subira zaidi.

Alizichukua santuri sita, akazifunga kwenye gazeti, akaondoka nazo. Mimi nilikuwa nimekaa nazo siku mbili na sikunakili hata dakika moja. Nilikuwa nangoja sindano. Yeyote anayetaka kunicheka kwa hilo, acheke. Kuna watu wanaoharibu vitu kwa haraka, na kuna sisi tunaovipoteza kwa uangalifu, na sioni tofauti kubwa.

Santuri ile kubwa ilitoka mwezi wa Mei. Iliuzika. Muchiri aliitundika dukani safu nzima, mikono ile imeinuliwa mara ishirini ukutani. Redio iliipiga saa za salamu. Watu walisema Odhiambo ana sauti ya asali. Hawakuwa na habari ya Joash tena, Joash alikuwa Dar es Salaam. Waliona picha moja na jina moja, wakasikia sauti moja, wakafunga hesabu. Kwamba juu ya jalada pameandikwa kinanda hakukumsumbua mtu. Mjini mtu husoma mpaka pale anapoona picha. Mhubiri mmoja alimwalika aimbe kwenye harambee ya bati za kanisa. Tajiri mmoja wa Lavington, Mwafrika huyu, aliyechukua nyumba ya jirani wa wale Waingereza, alimwalika aimbe kwenye harusi ya binti yake. Nilisikia kwamba alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili sikusikia kwamba alikataa.

Hakuja tena kibandani kwangu. Kinanda kilipoharibika sijui alikipeleka kwa nani. Niliambiwa baadaye kwamba alikiuza kwa kanisa fulani Kawangware, na kwamba huko wanakitumia kuweka maua.

Mara ya mwisho niliwaona mwaka 1979, mwezi wa nne, mvua ikiwa imetoka kupiga. Nilikuwa mlangoni pangu. Ng'ambo ya barabara, mbele ya kituo cha mafuta, lori lilikuwa limeegeshwa na vyombo vya nyumba: kitanda, kabati, masufuria ndani ya gunia, godoro limefungwa kwa kamba. Wale Waingereza walikuwa wameondoka hatimaye, na familia ya mpishi ilikuwa inarudi Gem. Peres alikuwa ameshapanda mbele karibu na dereva, beseni mapajani. Odhiambo alikuwa chini, anakagua kamba.

Vijana wanne wa machinjioni walikuwa wanapita, makoti yao meupe yamejaa damu. Mmoja alisimama, akamtazama, akawaambia wenzake kitu. Wakamzunguka. Barabara ni pana pale lakini vijana wale huongea kwa sauti ya watu wanaoita ng'ombe, na nilisikia kila neno.

"Si wewe ndiye ule wa santuri? Odhiambo?"

Alisema ndiye.

"Tuimbie kidogo basi, mzee. Ile ya mama wa Kisumu."

Nilimwona akimtazama Peres kule juu. Sijui Peres alimwonyesha uso gani, nilikuwa nyuma yake. Odhiambo aliiachia kamba, akapangusa mikono kwenye suruali, akaimba ubeti wa kwanza wa Joash, wote, kwa sauti kavu isiyofika juu wala chini. Vijana walipiga makofi. Mmoja alimpa mkono wenye damu, naye akaupokea, akapanda mbele kando ya mke wake, na lori likashika njia ya Gem.